Kuku Alikuwa Anatagia Kwenye Kiti

Kiti chenyewe nilikikuta uani kwa watu, Makorora, hapa Tanga, masika ya mwaka 2011. Nilikuwa nimeitwa kutengeneza baiskeli ya baba mwenye nyumba, Phoenix iliyokatika ekseli ya nyuma. Nimechuchumaa nafungua nati, nikamwona kuku ameatamia juu ya kitu kinachong'aa. Kiti mwendo. Kipya, kromu yake haijapata hata mkwaruzo, mgongoni kimeandikwa jina la watu waliokitoa.

"Mama, hiki cha nani?"

"Cha mwanangu. Kilikufa."

"Kilikufa lini?"

"Hata mwaka hakikumaliza."

Akaingia ndani, akatoka na mtoto mgongoni kwa kanga. Mtoto wa miaka saba, ana mtindio wa ubongo, miguu inamgonga mama yake magotini. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akimpeleka kliniki hospitali ya Bombo, na kuna makonda wakimwona kituoni wanapiga bodi gari liondoke.

Nikamwomba kuku radhi. Mayai tukayahamishia kwenye ungo, kiti nikakipindua. Gurudumu dogo la mbele, la kushoto, limeganda kabisa. Kulifungua, beringi imegeuka kutu, gololi zinamomonyoka mkononi. Nikapanda baiskeli mpaka duka la vipuri vya pikipiki, nikapata beringi mbili za kipimo kile kile, nikarudi, nikapaka grisi, nikafunga. Gharama yote haikufika shilingi 5,000. Kiti kilichovuka bahari kwa meli, kikapokelewa na mgeni rasmi, kikapigwa picha, kilikuwa kimekufa kwa kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto.

Sikukusudia kuanzisha chochote. Mimi ni fundi baiskeli, mtoto wa fundi. Marehemu baba alikuwa kwenye mitambo ya shamba la mkonge, mchana kutwa na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, jioni anatengeneza baiskeli za wakata mkonge. Kibanda changu kiko Ngamiani, barabara ya 12, na anayeijua Tanga anajua kwamba baiskeli kwetu ni mguu wa tatu. Basi yule mama wa Makorora akasimulia kwa wenzake wa kliniki, na kila aliyesimuliwa alikuwa na kiti chake uani. Kabla Ramadhani haijaingia nilikuwa na viti tisa vimejipanga mbele ya kibanda, na wateja wangu wa baiskeli wananiuliza kama nimehamia hospitali.

Mambo ya kwanza niliyojifunza yalikuwa ya spana na grisi, na bado nayaona ndiyo makubwa. Viti vingi tunavyoletewa vimetengenezwa kwa ajili ya korido: sakafu laini, mlango mpana, hakuna mchanga. Ukikipeleka Sahare au Mnyanjani, karibu na bahari, chumvi iko hewani usiku na mchana, chuma kinalika kinaonekana kwa macho. Magurudumu ya mbele madogo yanazama mchangani, anayesukuma anaongeza nguvu, foki, ule uma unaoshika gurudumu, inapinda. Halafu tairi. Hapo ndipo nilipopoteza wiki tatu nikijiona mjinga. Tairi la baiskeli ya mtoto limeandikwa 24. La kiti mwendo nalo limeandikwa 24. Nikanunua matairi sita kwa pesa yangu, hakuna hata moja lililoingia. Nikalivuta kwa nyenzo mbili, nikalipaka sabuni, nikalitukana, halikuingia. Baadaye ndiyo nikasoma ubavuni, kwenye yale maandishi madogo tusiyoyatazama: moja linakaa kwenye ringi ya milimita 507, jingine milimita 540. Namba moja, vitu viwili.

Tairi la 540 Tanga halipatikani dukani. Kwa hiyo tukaacha kulitafuta. Tunavunja gurudumu la kiti, tunabakiza habu, kile kitovu cha katikati, tunalifuma upya kwa njiti mpya, yaani spoki, juu ya ringi ya baiskeli ya mtoto, ile ya 507, na tairi nene linalouzwa kila kona ya soko la Mgandini. Ile pete ya kusukumia kwa mkono lazima uitobolee matundu upya, na hapo ukikosea kipimo inayumba, itamla mtu vidole. Kiti kinashuka chini, lakini hata sentimita moja haifiki. Na kwa kuwa tairi ni nene, mchangani linapita vizuri kuliko la mwanzo. Kazi hiyo niliifanya usiku mmoja kwa taa ya chemli, umeme umekatika, na sijawahi kujipenda kama siku ile.

Watu nao wamebadilika nikiwaona. Wale wa baiskeli za matairi matatu, za kuzungusha kwa mikono, wengi ni watu wazima wa polio. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alionekana mwaka 1996, kwa hiyo kundi hilo linazeeka, nao mikono yao imetumika kama miguu miaka 30 au 40, mabega yamechoka. Wanaokuja sasa ni wengine: kijana wa bodaboda aliyevunjika mgongo, mama wa kisukari aliyekatwa mguu, mzee wa kiharusi, mtoto wa mgongo wazi. Na wakwezi. Pwani hii mnazi unalisha na mnazi unaangusha.

Mkwezi mmoja ndiye sababu ya mimi kuandika haya, ingawa nimezunguka mpaka kumfikia.

Mwaka 2014 tulikuwa tayari kikundi. Tulikuwa watu 12, tumejiandikisha halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii, tuna muhuri, tuna daftari la mahudhurio. Wakaja wageni kutoka nje, watu wema, wakatuletea viti 30 vipya kwa siku moja. Nilishona shati. Nakumbuka lilikuwa la kitenge, limenibana kwapani. Turubai likafungwa uwanjani, ngoma ikapigwa, viti vikagawiwa kwa orodha ya majina: unaitwa, unakaa, unapigwa picha, unasukumwa pembeni. Kufika alasiri wageni wamepanda gari. Mji wetu una jina lake la utani, waja leo waondoka leo, na siku ile lilitimia kwa maana yake yote.

Yule kijana alikuwa kwenye orodha. Alianguka mnazini miezi michache kabla, kiunoni kushuka chini hana hisia. Kiti alichopewa kilikuwa kipana, cha mtu wa kilo 100, naye amekonda. Cha kukalia ni turubai tupu. Mtu mwenye hisia akikaa vibaya anajisogeza bila hata kujijua. Yeye hakuwa na cha kumwambia ajisogeze. Alikuwa na furaha, alikaa kutwa nzima, alikwenda kijiweni, alikwenda kutazama Coastal wakicheza. Ndani ya wiki tano nilipelekewa habari kwamba ana kidonda. Nilipofika kwao nikasikia harufu mlangoni. Kidonda kilikuwa kimefika kwenye mfupa wa makalio.

Alilala kifudifudi zaidi ya miezi minne. Mama yake aliuza cherehani.

Kijana mmoja aliyesomea Moshi, kule TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia, alikuja kumwona nikiwa palepale, akaniuliza swali moja: "Fundi, nani alimpima?" Sikuwa na jibu. Akanionyesha kwenye simu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008. Huduma ya kiti mwendo imegawanywa hatua nane, kuanzia mtu kuletwa, kupimwa, kuchaguliwa kiti, mpaka kufundishwa kukitumia, na ya nane ni kumfuatilia na kumtengenezea. Sisi tulikuwa na hatua yetu moja, ya picha. Na wa kulaumiwa siwezi kuwatafuta ng'ambo. Wageni hawakujua mkwezi ni nini. Mimi nilijua, orodha niliiandika mimi, na nilikuwa na futi ya kupimia mfukoni mwa lile shati la kitenge.

Tangu hapo hakuna anayetoka kibandani bila kupimwa nyonga, paja na muundi. Mto tunautengeneza wenyewe kwa vipande vya godoro gumu, tabaka mbili, nyuma tunachonga bonde mifupa ikae. Kijana wa Moshi alitufundisha kipimo ambacho hakitaki mashine: mtu akiwa amekaa, unaingiza ncha za vidole chini ya mfupa wa kalio. Ukiweza kuvichezesha juu na chini, salama. Usipoweza kuvichezesha lakini vinatoka kirahisi, hiyo ni hatari ndogo. Vikibanwa hata kutoa ni kazi, mtu huyo hakai hapo hata nusu saa. Mwanzoni wazee walikuwa wanaona haya, fundi baiskeli anawaingiza mkono makalioni. Sasa wanawake wanapimwa na wanawake, na mzaha umekuwa mwingi kuliko haya.

Yule mkwezi alipona. Nilimwomba aje kwenye kamati, akakataa. Tukikutana barabarani tunasalimiana, basi. Sijamlaumu.

Pesa. Niseme la pesa kwa kifupi maana linanichoma. Miaka mitano ya mwanzo tulitengeneza bure. Nililelewa kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na nikadhani mtu mlemavu kumdai hela ni dhambi. Michango iliyopatikana niliiweka kwenye kopo la rangi chini ya meza ya vifaa. Mwenye shida alikopa humo. Nami nilikopa humo, ada ya binti yangu kidato cha tatu, nikaandika kwenye karatasi, karatasi ikalowa mafuta. Nilirudisha, naapa nilirudisha, lakini nilipoulizwa kikaoni nimerudisha lini na kiasi gani, nilibaki nakohoa.

Aliyeniuliza ni katibu wetu wa sasa. Yeye mwenyewe ni wa matairi matatu, anauza mihogo na pweza jioni Raskazone, mkono wake ukikushika utadhani umebanwa na jiliwa. Alisema mbele ya watu wote, "Fundi, mimi nina swali la heshima tu. Hiki ni kikundi au ni kibanda chako ambacho sisi tunakuja kukupongeza?"

Nilikasirika wiki mbili. Sikwenda kwenye kikao kilichofuata. Waliendelea bila mimi, na hilo liliniudhi zaidi.

Kwenye kikao hicho walipitisha kadi. Mwenye kiti anachangia shilingi 1,000 kila mwezi, asiye nayo anathibitishiwa na mjumbe wa mtaa wake na anasamehewa kimyakimya, jina halisomwi. Nilipinga kwa maneno makali. Nilisema watu watakimbia. Wachache walikimbia kweli. Lakini nikaanza kuona jambo ambalo kwa akili yangu nisingelifikiria: aliyechangia anakuja gurudumu likianza kupiga kelele. Anasema, "Fundi, nina elfu yangu hapa, sikilizeni hiki kinachosaga." Zamani walikuja kiti kikiwa maiti, kwa sababu waliona haya kusumbua mtu anayewasaidia bure. Kwa hiyo ule wema wangu ndio uliokuwa unaviua viti. Hiyo sikuipenda, na mpaka leo siipendi.

Wazo lake la pili lilikuwa la mkopo. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na mkopo wenyewe hauna riba. Wanachama wenye ulemavu wakaomba, wakapata baada ya kupigwa danadana za kutosha. Mimi nilitaka tununue viti. Katibu akasema kiti hakirudishi mkopo. Tukanunua tyubu, matairi, cheni na gololi kwa jumla, tukafungua duka dogo kibandani, tunawauzia waendesha baiskeli wote wa Ngamiani. Faida ya tyubu ya muuza mikate ndiyo inayonunua beringi ya mtoto wa Makorora. Mkopo tuliumaliza, tulichelewa marejesho mawili.

Usajili wa shirika nao una hadithi yake ndefu, nitaikata. Ukitoka kuwa kikundi ukataka kuwa shirika lisilo la kiserikali, unaingia kwenye Sheria Na. 24 ya mwaka 2002: katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi, wasifu wa viongozi, barua. Neno mwanzilishi nililikuta kwenye karatasi hizo, na nakiri lilinilevya. Nilichapisha kadi za biashara. Baada ya marekebisho ya mwaka 2019 cheti kina muda wa miaka 10, na kila mwaka unadaiwa ada na taarifa ya kazi na fedha. Mwaka mmoja hatukupeleka taarifa kwa sababu taarifa ilikuwa kichwani mwangu. Anayetaka kuanza shirika leo nitamwambia atafute mtu anayependa makaratasi kabla hajatafuta mfadhili, na amheshimu. Mafundi tuna tabia ya kumwona huyo mtu kama hafanyi kazi.

Kilichonitoa ulevi ule ni ngiri. Nilifanyiwa upasuaji, daktari akaniambia wiki sita sinyanyui kitu. Funguo za kibanda nilikuwa nazo mimi, moja tu, kwenye kamba shingoni, na hata kitandani nililala nayo. Wiki ya tano akaja dogo mmoja aliyekuwa akinisaidia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akazungumza habari za mpira muda mrefu, mwisho akasema, "Mzee, viti 11 vipo nje ya mlango. Mvua imevinyeshea. Mimi njiti zote nazijua, kasoro mlango." Kufuma njiti alikuwa amejifunza kwa kunitazama. Sikuwa nimewahi kumwachia gurudumu moja alimalize peke yake. Nilikuwa nikimaliza mimi, kwa mazoea, au kwa choyo, sijui.

Nilimpa ufunguo. Akachonga mingine mitatu bila kuniuliza.

Siku hizi kwenye kamati nina kura moja kama wengine, na mwaka jana ilishindwa. Kulikuja ahadi ya viti 40 kutoka nje. Katibu akaandika barua nzuri ya shukrani, akaomba vitu viwili: viti vije kwa vipimo vitatu tofauti, na kila kiti kije na beringi na matairi ya akiba, au thamani yake. Wakajibu kwamba bajeti yao inaruhusu viti peke yake. Tukapiga kura. Tisa wakasema tusipokee. Wawili tukasema tupokee. Nilisimama nikaongea sana, nikasema sasa tunajua kupima, tunajua kufuma magurudumu, tuna duka, mambo si kama 2014. Dogo, ambaye sasa ndiye fundi mkuu, akasema, "Mzee, kufuma magurudumu 80 kwa beringi zipi?" Hesabu alikuwa nayo kwenye daftari. Viti 40 vikaenda mkoa mwingine.

Nadhani walikuwa sahihi. Sijui. Kuna mzee wa Duga yupo kwenye orodha yetu ya kusubiri tangu mwezi wa nne, kiharusi upande wa kulia, nyonga yake sentimita 38, na katika vile viti 40 naamini kimoja kingemfaa. Ijumaa iliyopita nimepita mtaani kwao adhana inaadhiniwa. Wajukuu wake wawili walikuwa wamembeba kwenye kiti cha plastiki, mmoja huku mmoja kule, wanakwenda msikitini, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi. Walinikuta nimeegemea baiskeli. Wakakitua kiti chini wapumzike.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Fundi, bado?"